Wananipenda mpaka nguvu zinaniishia

BARUA

Mwanangu mshauri, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 69, ni mara yangu ya kwanza kuandika barua ya namna hii, mjukuu wangu ndo kanionyesha jinsi ya kutuma kwa simu kwahiyo nikikosea herufi unisamehe, macho nayo yanachoka.

Kwanza nataka ujue sina ugomvi na wanangu. Wananipenda. Na ndo maana nashindwa kusema, wangekuwa watu wabaya ningeshaondoka zamani.

Miaka 26 nilifanya kazi ya kufua hotelini, mashuka, mataulo, mapazia, mashine zilikuja baadaye, mwanzoni ilikuwa mikono yetu tu. Shuka likilowa lina uzito wake na mimi nilikuwa nabeba kapu zima peke yangu. Sijisifu, nataka ujue tu mwili wangu ulizoea nini. Nilivyostaafu nikaendelea kuishi kwangu, mume wangu alishatangulia, nafagia, nalima kabustani kangu, natembea, nala ninachotaka, na choo nilikuwa napata kila asubuhi bila kuhangaika.

Sasa miezi 14 iliyopita niliteleza bafuni nikavunjika mkono wa kushoto pale kwenye kifundo. Nilikaa pale chini muda mrefu sana, simu iko chumbani, nashindwa kujiinua, mpaka mwanangu wa kwanza alipokuja jioni akanikuta. Hospitali wakanifunga plasta, wakanipa vidonge vya kalsiamu vya mifupa wakasema niendelee navyo, na ile dawa yangu ya presha ya siku zote ile ya kukojoza nayo niendelee. Wiki hiyohiyo mwanangu akanihamishia kwake.

Mkwe wangu ni mtoto mzuri, sijawahi kusikia neno baya mdomoni mwake. Lakini tangu siku nimeingia humo ndani sijashika fagio. Nikinyanyua kikombe nikioshe ananipokonya, mama pumzika. Nikitaka kutoka nje kutembea, mama utaanguka. Chakula changu anakipika peke yake, alisoma mahali kwamba tumbo la mzee ni dhaifu basi kila kitu anasaga kwenye blenda au anaponda, asubuhi uji mwembamba, mchana viazi vya kuponda na supu aliyoichuja, jioni uji tena au mkate laini na chai. Maharage hakuna, anasema yatanijaza gesi. Nyama na samaki anasema ni vizito. Matunda ananimenyea anakamua anachuja nakunywa juisi. Na mimi meno yangu ninayo yote isipokuwa mawili! Nilishamwambia mara moja kwamba natamani kutafuna kitu, akacheka akasema mama na wewe, kesho yake akaleta uji wenye maziwa zaidi. Sikurudia tena kusema.

Choo sasa kinapita siku nne au tano sijapata, na kikija ni kigumu cha kutoa machozi. Tumbo limejaa kutwa. Usiku sinywi maji kabisa kuanzia saa kumi na moja jioni kwasababu mwanangu aliweka utaratibu kwamba nikitaka kwenda chooni usiku nimwamshe yeye au mke wake wanishike mkono, mshauri mimi ni mtu mzima, siwezi kumwamsha mwanangu wa kiume anipeleke kukojoa. Basi nimeona bora nisinywe.

Sasa nikueleze mambo ninayoficha. La kwanza, nanunua vidonge vya kufungua choo. Nampa hela mjukuu wangu wa miaka 13 ananiletea kutoka duka la dawa akitoka shule na nimemwapiza asimwambie mama yake. Nilianza kimoja kwa wiki, sasa nameza karibu kila siku na bila hivyo sipati kitu. La pili, nafanya mazoezi. Naamka saa kumi alfajiri wote wamelala, nasimama kwenye kitanda nakaa nasimama nakaa, nanyanyua chupa mbili za maji nilizozijaza, mjukuu alinionyesha video ya wazee wenzangu wanafanya. Hiyo nusu saa ndo saa pekee ya siku ninayojisikia ni mimi. Lakini wiki tatu zilizopita nilishikwa na kizunguzungu nikadaka pazia likaja chini lote na fimbo yake, wakaja mbio, nikawaambia nilikuwa nafungua dirisha.

Uzito ulikuwa kilo 68 kabla sijaanguka, mwezi uliopita kliniki umesoma 61. Watu wananiambia nimependeza. Mimi nikijiangalia mapaja naona ngozi inaning'inia.

Hapo kliniki nesi alinishika mkono akaniambia wana kundi la wazee, mara mbili kwa wiki, wanafanya mazoezi ya nguvu na ya balansi wakisimamiwa na mtaalamu, akasema mama wewe ungefaa sana pale. Nikafurahi nikamwambia mwanangu kwenye gari, akasema kwa upole tu, mama hapana, ukianguka tena nitajilaumu maisha yangu yote. Nikanyamaza.

Kwangu kuna mpangaji anatoka mwisho wa mwezi ujao. Usiku nalala nafikiria kurudi. Lakini nikiondoka mkwe wangu atasema nimekosea nini, na watu watasema alimfukuza. Nikiendelea kukaa naona naisha. Nikisema ukweli wote, vidonge na mazoezi, naogopa watanifungia mlango kabisa. Mwanangu, ungekuwa mimi ungefanyaje?

Mama wa chupa mbili

JIBU

Mama yangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mshauri, mara ya pili kama mtoto wa mtu, na hiyo mara ya pili ilinibidi niweke simu chini kwanza.

Naomba nirudie nilivyokuelewa, nikikosea unirekebishe. Ulianguka, ukaogopa, watoto wakaogopa zaidi yako. Kwa hofu hiyo wakakuondolea kila kitu kinachoweza kukuumiza, na katika kuondoa wakaondoa na vilivyokuwa vinakushikilia, yaani kutembea, kutafuna, kunywa maji bila kuomba, kuosha kikombe. Wewe kwa kuwapenda hukukataa, ukatengeneza maisha mengine ya siri alfajiri. Na sasa unaona njia tatu, kuendelea kuficha, kusema yote, au kurudi kwako, na kila njia unaona kuna mtu ataumia. Sitakuambia uchague ipi. Ila kuna mambo ndani ya barua yako ambayo nadhani umeyachukulia kama yameshaamuliwa na mimi naona bado.

Nianze na hili maana halisubiri. Umepungua kilo 7 kutoka 68, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wako, na hukuwa unajipunguza. Choo kimebadilika. Una kizunguzungu. Je daktari anajua? Nesi alisoma mzani lakini sioni mahali ulipomwambia kuhusu siku tano bila choo, wala vidonge vya mjukuu. Mama, unalalamika kwamba nyumbani hawajui unachopitia, na ni kweli, lakini hata hospitali hawajui. Mtu wa umri wako akipungua hivi na choo kubadilika lazima aangaliwe, apimwe damu kuona kama imepungua, aulizwe kama kuna damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kama kuna maumivu yanayomwamsha usiku. Nikiisoma siku yako moja tu ya chakula naona sababu za kutosha za kupungua, ila kuona kwangu si kipimo. Na ukiona damu, au choo cheusi, au tumbo limevimba linauma sana na hata hewa haitoki, au unatapika, hapo usisubiri siku ya kliniki, amsha mtu muda huohuo.

Kuna kitu kingine kinanitia wasiwasi kuliko chupa zako za maji. Dawa ya presha inayokojoza huwa inatoa na chumvi za mwili kwenye mkojo, na kwa nyingi kati ya dawa hizo inayotoka ni pamoja na potasiamu. Vidonge vya kufungua choo ukimeza kila siku mpaka unaharisha navyo vinatoa maji na potasiamu. Weka juu yake kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni hunywi kitu mpaka kesho, halafu saa kumi alfajiri tumbo tupu unasimama unakaa unasimama unakaa. Potasiamu ikishuka misuli inalegea, moyo unaweza kwenda ovyo, na choo chenyewe kinazidi kuwa kigumu kwasababu utumbo nao unasukumwa na misuli. Upungufu wa maji nao unashusha presha ukisimama ghafla. Kwahiyo lile pazia mimi silisomi kwamba mazoezi yalikushinda, naona linauliza una maji kiasi gani mwilini na damu yako ikoje. Waombe wakupime presha umelala halafu umesimama, na wapime potasiamu na figo. Lakini tafadhali usiache dawa ya presha kwa kusoma hapa, na vile vya choo wakuambie wenyewe unavipunguza vipi na ubadilishe na nini, zipo dawa za choo laini zaidi ambazo wazee wengi wanatumia kwa usalama. Na vile vya kalsiamu, je kuna mtu alikuambia kwamba vinaweza kufunga choo? Kwa baadhi ya watu vinafanya hivyo. Usivitupe, mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu katika umri wako unahitaji kufuatiliwa, ila yaonyeshe yote pamoja mezani kwa daktari, kila kidonge unachomeza cha wazi na cha siri.

Sasa nije kwenye neno lako moja, umesema unaona unaisha. Nadhani sehemu yako inaamini kwamba hii ndo miaka 69 ilivyo, kwamba mapaja yakilegea basi yameondoka. Mwaka 1990 huko Boston daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua watu 10 kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri wao wa wastani ulikuwa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8, uzito wa kweli sio wa kubembeleza. Waliomaliza nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90 mama! Baadaye mwaka 1994 wakarudia na watu 100, wengine mazoezi, wengine kinywaji cha lishe peke yake, na hicho kinywaji bila mazoezi hakikuwaongezea nguvu. Lakini usinielewe vibaya, wale walisimamiwa, walipimwa kwanza, kulikuwa na mtu pembeni. Mwili wako wa kubeba kapu la mashuka bado unaweza kusikia ukiitwa, ila sio lazima uitwe gizani.

Chakula. Hapa nataka nimtetee mkwe wako kidogo kabla sijampinga. Hofu yake haijatoka hewani, kuna wazee kweli wanapaliwa, kuna wenye meno yaliyoisha, na maharage ukiyala mengi ghafla baada ya mwaka mzima wa uji yatakujaza gesi mpaka ujute. Amesoma kitu cha kweli akakipaka kwa mtu ambaye si mwenyewe. Wewe unatafuna, unameza vizuri, kama kuna siku unapaliwa hukunitajia naomba uliseme hospitali, lakini kama hakuna basi chakula cha kuchujwa hakikupunguzii mzigo, kinakunyima kazi. Kile anachokichuja na kukitupa, maganda ya ndani, nyuzinyuzi, ndo kinachokipa choo umbo na kushika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kwa siku uliyonielezea sidhani unafika hata nusu. Na kuna wageni wanaokula humo, bakteria wa utumbo mkubwa, wanazivunja hizo nyuzi na kutengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Kule Cork, Ayalandi, watafiti walitoa matokeo mwaka 2012 ya wazee 178, wakaona waliokuwa wanaishi kwenye nyumba za kutunzwa muda mrefu wana aina chache za bakteria kuliko wanaoishi majumbani kwao, iliendana na chakula chao kutokuwa na mchanganyiko, na iliendana na udhaifu. Haisemi kipi kilimvuta mwenzake, mtu dhaifu naye hula vibaya. Lakini nilipokuwa nasoma siku yako ya uji na uji, niliwakumbuka wale.

Upande wa nguvu, wataalamu wa lishe ya wazee mwaka 2013 walipendekeza protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa kilo zako 61 ni kama gramu 61 hadi 73. Mayai mawili yana kama 12, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja 20 na kitu. Jumlisha mwenyewe uone uji na viazi vinakufikisha wapi. Na misuli ya mtu mzima inahitaji protini igawiwe kila mlo, sio ibanwe usiku mmoja. Figo zikipimwa zikaonekana zina shida hesabu hii inabadilika, ndo maana nimesema figo kwanza. Na chochote utakachoongeza ongeza polepole, vijiko viwili vya maharage wiki hii, tunda moja zima badala ya juisi, wiki ijayo kidogo tena, na maji yapande pamoja nayo maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufunga zaidi. Ukishakula asubuhi utumbo huwa unaamka wenyewe, kaa chooni muda huo, weka kistuli chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, usiharakishwe na mtu.

Hayo ndo rahisi, kwa kweli. Magumu ni watu.

Umesema mwanao alikuta umelala chini jioni. Hukuniambia alisema nini, hukuniambia wewe ulisema nini. Je mmewahi kuongea kuhusu siku ile? Namna nilivyoisikia ile sauti ya kwenye gari, nitajilaumu maisha yangu yote, sidhani alikuwa anajibu habari za mazoezi. Nadhani alikuwa bado bafuni. Wewe umeshatoka pale, una chupa zako, yeye hajatoka. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo mama yake. Lakini kama ni hivyo, basi ukimpelekea hoja za misuli na gramu hazitamfikia kabla hamjaongea kuhusu yale masaa. Labda anahitaji kusikia kutoka kwako kwamba ulichoshindwa siku ile ni kujiinua, na kwamba kujiinua ndo kitu wanachofundisha pale kwenye kundi. Kwa watu wa miaka 65 na kuendelea Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya balansi pamoja na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, na sababu mojawapo wanayoitaja ni kuzuia kuanguka. Kitu anachokukataza kwa kuogopa usianguke ndicho kinachopunguza kuanguka, na hilo pengine angelisikia vizuri zaidi kwa nesi kuliko kwako.

Na mkwe. Umeamua kwamba akijua utamvunja moyo. Inawezekana. Ila nakuuliza kwa upole, ni kipi kitamuumiza zaidi, kuambiwa na wewe jikoni kwamba mwanangu naomba tufundishane mimi na wewe kupika kitu cha kutafuna, au kuja kugundua mwenyewe kwamba mwaka mzima amepika kwa moyo wake wote na mgonjwa wake anameza vidonge kwa mlango wa nyuma? Ulimwambia mara moja, akacheka, ukanyamaza. Mara moja ni kidogo mama. Huenda alisikia utani.

Basi njia zako. Ukiendelea kuficha, unabaki na nusu saa yako, na sitaki kuidharau, ni ya thamani sana, lakini unabaki nayo peke yako gizani, tumbo tupu, bila mtu anayejua, na siku pazia likikosekana wataona waliogopa sawasawa na mlango utafungwa kweli. Ukisema yote kwa mkupuo mmoja mbele ya watu wote, utapumua, ila kuna hatari kikao kigeuke kesi, vidonge vimefichwa, mtoto ametumwa, wakashtuka wakaongeza ulinzi badala ya kusikiliza. Kuna namna ya katikati, kuanza na mkwe peke yake, au kuomba mwanao aingie nawe chumba cha daktari siku utakapofungua mfuko wa dawa, asikie vikielezwa na mtu asiye na hofu yake. Kuna uwezekano aje kundini siku moja tu, akae kwenye benchi aangalie. Anaweza bado akasema hapana. Una haki ya kwenda hata akisema hapana, wewe ni mtu mzima, lakini kwenda kwa kugombana kuna bei yake na wewe ndo unajua kama unaweza kuilipa.

Kurudi kwako sikukatazi wala sikusukumi. Nataka tu ujiulize unarudi kwa sababu unaitaka nyumba yako, au unakimbia kumuomba mtu ruhusa ya kukojoa, maana la pili linaweza kutatuliwa hapohapo, taa ndogo njiani, cha kushikia ukutani, kunywa maji yako mengi asubuhi na mchana, kuuliza daktari ile dawa ya kukojoza ni vizuri imezwe saa ngapi. Ukirudi bila chochote kubadilika, bafu ni lilelile, simu itakuwa chumbani tena, na utakuwa na kilo 7 pungufu kuliko ulivyoondoka. Ukirudi na vishikio bafuni, simu shingoni, mtu wa kupita kila siku na miguu iliyopata nguvu kidogo, hiyo ni hadithi nyingine. Mpangaji anatoka mwisho wa mwezi ujao, haimaanishi na wewe lazima uingie siku hiyo. Wapo wanaoanza na siku mbili kwa wiki wakaona.

Kama unataka kujua miguu iko wapi sasa hivi, mwombe nesi au mtaalamu wa kundi akupimie, unakaa kwenye kiti imara, mikono umekunja kifuani, unasimama na kukaa mara tano. Zaidi ya sekunde 15 huwa ni dalili kwamba misuli imepungua nguvu. Usiipime peke yako alfajiri, nakuomba. Na hiyo namba iandike, umpe mwanao, kisha upimwe tena baada ya miezi mitatu. Kwa wasiwasi alionao, nadhani kuona namba ikishuka kutamtuliza kuliko ahadi.

Limebaki moja, sijui kama utanikasirikia. Yule mjukuu wa miaka 13. Amekuonyesha video, amekufundisha kutuma barua hii, anakupenda kweli. Lakini kila jioni anakaa meza moja na mama yake akijua kitu kinachoingia tumboni mwa bibi yake ambacho mama hajui, na kama siku ile ya pazia ungevunjika nyonga, yeye ndo angelala na hilo. Haya mengine yote chukua muda wako, fikiria, badilisha mawazo. Ila yeye mwite leo akitoka shule, mwambie hana kosa lolote, na kwamba duka la dawa hatakwenda tena, bibi atakwenda kwa daktari mwenyewe.